Kujitolea makumbusho likizo ya chuo

Mdogo wangu, umeuliza kama kujitolea makumbusho hapa Iringa likizo hii ni kufagia tu, hapana aisee, kazi yenyewe ni kutunza vitu. Mi wiki ya kwanza nilishinda na vigoda na vinu, unapitisha brashi laini taratibu, ukiona kitundu kinamwaga unga chini jua bungua, yule mdudu anayetoboa mbao, yumo, kitu hicho kiweke pembeni fasta kabla hajahamia kwa kingine. Lebo andika kwa penseli, wino unavuja. Kikapu kibebe kwa chini mikono miwili, mpini usiuguse kabisa maana ndo unaong'oka kwanza. Kabla hujaanza pita makumbusho ya Kalenga, karibu na Iringa mjini, ukaone fuvu la Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa toka Ujerumani 1954, alafu beba barua ya chuo uende mapema.