Mshipi Mmoja kwa Samaki Wote? Kwa Anayeanza Kuvua Malindi

Swali la vijana wanaoanza kuvua ni lilelile kila msimu: mshipi, yaani uzi wa kuvulia, wa unene gani unafaa samaki wote? Kijana anataka roli moja, ndoana za aina moja, aingie chomboni. Wageni wa boti za starehe nao wana lao. Wale waliowahi kuwinda kwa leseni Tanzania hubishana njia nzima juu ya kaliba za bunduki, yaani ukubwa wa risasi zake, na wengi huishia kwenye .375 H&H, risasi ya Kiingereza ya mwaka 1912, kwamba ndiyo inayomfaa swala na nyati pia. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo hayo sisi twayasikia tu. Lakini mvuvi mgeni na mwindaji mgeni ni ndugu: kila mmoja huchagua kifaa kwa kumuota mkubwa wa wakubwa, akawasahau wale atakaokutana nao kila siku.

Utakaokutana nao kila siku kwenye miamba yetu ni changu, tewa wa wastani, kolekole wadogo, na mara mojamoja mzia. Changu wa kilo moja hata mshipi wa 0.60 mm humleta juu bila taabu, maana nailoni ya unene huo ikiwa mpya hubeba kilo 18 hadi 20 hivi, kutegemea aliyeitengeneza. Mbona basi wavuvi wengi wa mkono hushika 0.80 au 0.90? Si kwa uzito wa samaki. Ni kwa ajili ya vidole na mwamba.

Vidole kwanza. Mshipi mwembamba ukivutwa na samaki mwenye hasira hukata nyama kama wembe, hasa mikono ikishalainika kwa maji ya chumvi. Wazee hukata pete ya tyubu ya baiskeli wakaivaa kwenye kidole cha shahada. Fanya hivyo tangu siku ya kwanza, usingoje kidonda.

Mwamba nao una mwalimu wake, na huyo ni tewa. Changu akiuma utasikia mapigo makali ya haraka, kisha anapigana wazi. Tewa hana mambo hayo. Anameza, anageuza kichwa, anarudi pangoni kwake, na huko hutanua mashavu na mapezi akajikaza. Pima moja ya kwanza, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ndiyo yote: ukimwachia mshipi hata kidogo, umempa nyumba, na nailoni imeanza kusagwa kwenye ukingo wa jiwe. Kwa hivyo unene unaoulizia haulingani na kilo za samaki, unalingana na ukali wa jiwe na jinsi unavyotakiwa kumng'oa haraka. Samaki huyohuyo juu ya mchanga mtupu ungemvuta kwa mshipi nusu ya huo.

Usije ukanunua mnene kupita kiasi kwa maneno haya. Mkondo nao una usemi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, hasa kwenye mlango wa maji kati ya Shela na Manda kule Lamu, mshipi mnene hukokotwa na maji ukapinda kama tao, chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) ikaelea mbali na chini, nawe usihisi hata samaki akila. Itabidi uongeze chubwi, na chubwi nzito hukufichia mdonyo. Maji mafu yakiwepo, yanapojaa na kupwa kidogo, tatizo hilo hupungua sana. Ndiyo maana mwenye mishipi miwili, 0.60 na 0.90, hukaa vizuri kuliko mwenye mmoja wa 1.20 anaodhani ni wa kila kazi.

Ndoana ni habari nyingine, na hapa ndipo wengi hupotea dukani. Hesabu yake huenda kinyume: namba 8 ni ndogo kuliko namba 4, kisha ikishapita namba 1 inaanza 1/0, 2/0, 3/0, na hapo kila ukipanda ndoana inakuwa kubwa. Ichague kwa mdomo wa samaki na kwa chambo, usiichague kwa urefu wa samaki. Tasi anaweza kujaa sahani, lakini mdomo wake mdogo ni wa kuguguna mwani. Ukimtegea ndoana ya changu atakula chambo ubavuni akaenda zake. (Yeye afadhali malema, mitego ya kusuka. Na ukimshika, jihadhari na miiba yake, ina sumu.) Tewa mdogo kwa upande wake ana mdomo kama mlango wa ghala, ndoana kubwa haimtishi. Ukiulizwa ya katikati, hapa kwetu 1/0 au 2/0 yenye kipande cha ngisi itakupa changu, na tewa hataikataa.

Kabla ya kufunga chambo, buruta ncha ya ndoana juu ya ukucha wa dole gumba bila kukandamiza. Ikishika na kuacha mchoro, ni kali. Ikiteleza, piga tupa au tupa kabisa. Jambo hili dogo hukupa samaki wengi kuliko ubishi wote wa namba.

Halafu kuna meno. Mzia na nguru hawajali mshipi wako una unene gani, wanaukata. Hapo ndipo unapohitaji waya mfupi mbele ya ndoana. Lakini maji yakiwa meupe nguru huiona waya akakaa mbali, na mvua zikinyesha bara, Sabaki ikateremsha tope lake jekundu hadi mbele ya mji, hali hubadilika: samaki haoni mbali, waya haimshughulishi sana. Usiiache waya kwenye mshipi wa changu mwaka mzima ati kwa tahadhari. Utamkosa changu kila siku kwa ajili ya nguru anayekuja kwa nadra.

Siri ya kutumia mshipi mmoja kwa samaki wengi, kama ipo, imo mwishoni mwa mshipi. Mshipi mkuu uwe 0.90, kisha pima moja ya mwisho iwe 0.60, na chubwi ifungwe kwa uzi dhaifu zaidi wa pembeni. Ukinasa mwambani ukavuta, kinachokatika ni uzi wa chubwi. Samaki na ndoana unabaki nao. Ukitaka kubadili kazi, unabadili hiyo pima moja tu. Fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, kwa sababu nailoni ikikazwa kavu huungua kwa msuguano, na fundo ndipo mshipi hukatikia. Kila ukimpandisha samaki, pitisha kipande cha mwisho kati ya kucha mbili. Ukisikia kikwaruzo, kata na ufunge upya, hata kama samaki wanauma kwa fujo.

Sulisuli sikumtaja kwa makusudi. Kaskazi ikianza utawaona wakiruka na damu itachemka, lakini hao ni kazi ya rodi, rili na boti yenye injini, na mishipi yake hesabu yake ni nyingine kabisa.

Mahali pia pana sheria zake. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa 1968, hakuna kuvua kwa kifaa chochote, chembamba au kinene. Jiandikishe kwenye BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) ya ufuo wako, na mikuki ya kufyatua usiiguse, imekatazwa.

Ukienda dukani, basi: roli moja ya 0.90, moja ya 0.60, ndoana za 1/0 na 2/0 na chache za namba 6 za kutafutia kibua wa chambo, chubwi za uzito wa aina tatu, na waya kidogo. Nailoni iombe ya ndani ya kabati. Ile iliyotundikwa mlangoni jua likiipiga toka Januari imeshaliwa na jua, usiichukue hata ukipunguziwa nusu bei.