Pemiti imeisha, jibu halijatoka: wewe ni mzamiaji?

Mwaka jana pemiti yangu ya kusoma Kanada ilikuwa inaisha tarehe 31 Agosti, na mimi nimetuma maombi tarehe 29 usiku huku mkono unatetemeka, maana nilikuwa nasubiri pasipoti mpya (hawakupi pemiti inayopita mwisho wa pasipoti yako, wengi hawalijui hilo). Septemba mosi naamka najiuliza, hivi sasa mimi ni mzamiaji?

Hapana. Ukituma maombi ya kuongeza muda kabla pemiti haijaisha, uko kihalali mpaka wakujibu, na unaendelea kusoma kwa masharti yaleyale. Kama ulikuwa unaruhusiwa kazi nje ya chuo, zile saa 24 kwa wiki wakati wa masomo, nazo zinaendelea.

Shida ni kumweleza mtu mwingine. Meneja wangu dukani alishika pemiti, akaweka kidole kwenye tarehe, akasema hii imekufa, akanitoa kwenye ratiba. Siku ya nne nikamletea uthibitisho wa kutuma maombi na risiti ya dola 150, zote za kabla ya tarehe 31. Akasoma mara mbili, akatoa kopi, shifti zikarudi. Hizo siku nne hakuna aliyenilipa, kwa hiyo wewe printi mapema bana.

Ukichelewa hata siku moja ni habari nyingine kabisa: una siku 90 za kuomba urudishiwe stetasi, yaani uhalali wa kukaa, na muda wote huo husomi, hufanyi kazi. Na maombi yakirudishwa kwa sababu umesahau fomu au malipo, ni kama hukutuma. Uhamiaji wenyewe wanasema angalau siku 30 kabla, mimi nakwambia miezi mitatu.

Sasa panapouma. Oktoba mama mdogo akafariki Tanga, mjomba anapiga, "Mwanangu, unafika lini?" Namwambiaje kwamba nikitoka Kanada ile ruhusa ya kuendelea kusoma inakatika, na hata wakinifungulia mlango nikirudi nitaingia kama mgeni tu, darasani sikai mpaka pemiti mpya itoke? Nikabaki. Arobaini niliiona kwenye simu ya binamu, mtandao unakata kila dua ikianza.

Pemiti ilikuja Desemba, kwenye bahasha ya kawaida tu kama bili ya umeme.