Kabla ya kuwanyang'anya daftari

Kisumu, Jumapili jioni

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema tangu ushirika wenu wa maziwa hapo Nakuru ulete mfumo mpya wa kompyuta, makarani wa vituo vya Molo na Njoro bado wanaandika kila lita kwenye daftari, na wengine mfumo wanaugusa jioni tu, kama adhabu. Meneja anataka madaftari yote yakusanywe, na atakayekutwa na jingine apewe barua ya onyo. Unaniuliza, wewe uliyekabidhiwa mradi huu, umuunge mkono?

Usimuunge. Angalau si kabla hujaketi ukayasoma hayo madaftari.

Nilipokuwa nikisimamia kompyuta za hospitali fulani hapa Kisumu, tulikuwa na mfumo uliokataa kumwandikisha mgonjwa asiye na nambari ya simu. Mtoto mchanga ana simu gani? Wauguzi wa zamu ya usiku wakawa wanaingiza nambari zao wenyewe ili kazi iende, na ukweli wakauandika pembeni kwenye daftari la wodi. Ripoti za mfumo zilipendeza sana huko juu. Aliyetaka kujua ni nani hasa amelazwa alifungua daftari.

Kwa hiyo nenda Molo alfajiri, maziwa yanapopokelewa, ukae kando ya karani bila kusema mengi. Utakuta kwenye daftari lake mambo ambayo fundi wa mfumo hakuyawazia: wakulima wawili wenye jina moja, mzee ambaye simu yake iko kwa mjukuu Eldoret, jirani aliyeleta maziwa ya mwenzake, maziwa yaliyopimwa kwa laktomita yakarudishwa kwa kuwa yametiwa maji. Je, mfumo wenu una mahali pa kuandika yaliyorudishwa? Kama hauna, basi mwisho wa mwezi mkulima akija juu akidai lita zake, karani atajitetea kwa kitu gani? Daftari ndilo wakili wake. Meneja anadhani anawanyang'anya karatasi, kumbe anawaacha bila ushahidi.

Wala usikubali kuambiwa kwamba watu hawa wanaogopa teknolojia. Ni haohao wanaotumiana pesa kwa M-Pesa, iliyoanza 2007, na hakuna aliyewapa barua ya onyo ili waikubali. Pesa ikitoka, ujumbe unaingia kwa aliyetuma na kwa aliyepokea, palepale. Kila mmoja ana chake cha kuonyesha. Mfumo wenu unampa mkulima nini akiondoka kituoni? Mkiweza kumtumia ujumbe wenye lita zake kabla hajafika barabarani, daftari litaanza kusahaulika lenyewe. Hilo ndilo ningepigania kwenye bodi, si kukusanya madaftari.

Angalia pia kwenye daftari mistari iliyoandikwa kwa haraka, na saa zake. Ikiwa kila siku wakati uleule mfumo unakwama na wewe unauzima na kuuwasha tena, umeondoa usumbufu wa leo tu, chanzo kiko palepale. Wenye ITIL, ule utaratibu wa kusimamia huduma za kompyuta uliobuniwa na serikali ya Uingereza miaka ya 1980, hutenganisha mambo haya mawili kwa makusudi: hitilafu unairekebisha upesi kazi iendelee, tatizo unalichunguza kwa utulivu baadaye. Daftari litakuonyesha ni lipi kati ya hayo linajirudia.

Kuna kisa ninachokirudia kwa kila mtu. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya biashara ya hisa ya Knight Capital, ya Marekani, ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 kwa muda wa dakika 45 hivi. Programu mpya ilikuwa imewekwa kwenye seva saba, yaani kompyuta kuu za kuendeshea kazi, ya nane ikasahauliwa na programu ya zamani ikafufuka humo. Walipohangaika kurekebisha, wakaiondoa ile mpya kwenye zile saba, mambo yakazidi kuharibika. Lakini kinachoniuma mimi ni hiki: kabla soko la hisa halijafunguliwa asubuhi ile, mfumo ulikuwa umewatumia wafanyakazi barua pepe 97 zenye dalili ya kosa lile. Hakuna aliyezifanyia kazi. Onyo lilikuwepo, mahali ambapo wakubwa hawakuwa wakitazama.

Basi ukishayapata marekebisho, anza na kituo kimoja. Mimi ningechagua kile chenye karani mbishi kuliko wote, maana kasoro atakazokuonyesha yeye kwa wiki moja, wapole hawatakuambia kwa mwaka. Muache na daftari lake kipindi chote hicho, mlinganishe kila jioni. Andikeni mapema ni nani mwenye mamlaka ya kusema turudi kwenye mfumo wa zamani, na mjaribu kwanza huko kurudi kwenyewe. Usiruhusu fundi aguse chochote wiki ya malipo ya wakulima, wala Ijumaa alasiri, hata akisema ni kazi ya dakika tano. Husema hivyo daima.

Cheti cha ITIL ulichoulizia nitakichangia ada, lakini mwakani. Mwaka huu paa la nyanya yako halingoji.

Baba yako