Geji ya RPM kwa mkonga wa silinda sita: igeuze kwanza, bei baadaye

Msomaji wa Mbagala ana mkonga, yaani Land Cruiser FJ45 pikapu, injini 2F ya petroli, silinda sita. Amenunua geji ya RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) huko Gerezani, Dar es Salaam, na gari ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, inasoma 1,200. Fundi akamshauri apunguze sailensa. Amepunguza, na sasa gari inamzimikia kwenye foleni ya Mtongani.

Kaka, usiiguse tena skrubu ya kabureta. Irudishe ilipokuwa. Injini yako haina kosa, geji ndiyo imepangwa kwa silinda nne.

Injini ya mipigo minne hutoa cheche moja kwa kila silinda katika mizunguko miwili ya krenki, shafti kuu ya injini. Kwa hiyo silinda nne ni cheche mbili kwa mzunguko, sita ni tatu, nane ni nne. Geji haiioni krenki, inahesabu cheche na kugawanya. Ya silinda nne ukiiweka kwenye sita, inaongeza nusu: 800 inakuwa 1,200. Ya silinda nane inapunguza robo, 800 inasomeka 600, na hiyo ni hatari zaidi kwa sababu utaikamua injini ukidhani bado ina nafasi.

Kwa hiyo dukani igeuze geji kabla hujauliza bei. Nyuma tafuta kiswichi chenye 4, 6 na 8. Mara nyingi kimefichwa chini ya kifuniko cha mpira na kinasogezwa kwa bisibisi nyembamba. Kiweke kwenye 6 kabla ya kuunga waya wowote. Chagua inayoishia 5,000 au 6,000, maana 2F inafika kilele cha nguvu karibu na 3,600. Kwenye geji ya 10,000 mshale utacheza kwenye theluthi moja tu.

Geji iliyong'olewa kwenye gari la kisasa la Kijapani iache, hata wakikupa kwa bei ya kutupa. Imezoea ishara ndogo ya kompyuta. Koili (inayotengeneza umeme wa cheche) ya mfumo wa pointi, vile viswichi vya ndani ya distribyuta, hurusha mamia ya volti kila pointi zinapofunguka, na saketi ile inaungua.

Waya ni nne. Umeme wa volti 12 utoke kwenye swichi ya ufunguo kupitia fyuzi ya ampea 3. Ethi ikae kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Wa tatu ni wa taa. Wa nne, wa ishara, uende kwenye hasi ya koili, ule upande unaoelekea distribyuta. Ukiungwa kwenye chanya, geji haipati cheche za kuhesabu. Uvishe mpira, upitishe kwenye raba ya ukuta wa injini, mbali na waya za plagi. Ukichubuka ukagusa bodi, ni sawa na pointi kugoma kufunguka: injini inazima papo hapo, nawe utabadilisha koili na kondensa (kikopo kinacholinda pointi) bila faida.

Halafu pima, usiamini macho. Multimita yenye Hz (hesabu ya mapigo kwa sekunde), inayohimili volti 600, iweke kati ya hasi ya koili na bodi. Kwa silinda sita, zidisha namba kwa 20: Hz 40 ni RPM 800. Geji isipokubaliana nayo, rudi kwenye kiswichi. Tafadhali, mafundi, sailensa haipangwi kwa geji ambayo haijapimwa.

Mshale ukirukaruka, anza na ethi, kisha kondensa, kisha bushi za distribyuta; shafti ikicheza, pointi hazifunguki kwa kipimo kimoja.

Wenye malori ya zamani ya Kiingereza, angalieni betri kwanza. Mengi ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana chanya kwenye bodi, na geji ya kawaida itaungua.

Injini ya dizeli kama 2H ya Toyota haina koili kabisa. Hiyo inataka geji inayosoma terminali ya W ya alteneta, inayotoa ishara ya mzunguko, irekebishwe kulingana na puli, na mkanda uwe umekaza.