Weka rula kabla hujampigia mteja picha ya jiwe

Ndugu, ngoja kwanza. Umeuliza ununue lenzi gani, taa gani, na utoze bei gani kwa picha za vijiwe unavyouza, halafu ukasema utavipiga bila kitu chochote kando "ili vitoke safi". Hilo la mwisho ndilo litakalokutia hasara.

Nilikuwa na magunia matatu ya mawe ya mto kutoka upande wa Voi, kila jiwe kiasi cha komwe la bao. Mwalimu mmoja wa upigaji picha hapa Mombasa, tuliyemlipa vizuri, alitukaririsha kuwa jiwe lijisemee lenyewe, bila kitu kando. Akatufundisha kupiga picha 40 za jiwe moja, fokasi (pale lenzi inapoona vizuri) ikisogea kidogo kidogo, kisha kuziunganisha kwenye kompyuta.

Sasa sikiliza. Kwenye makro ya 1:1, yaani picha ya karibu sana ambapo kitu kinaingia kwenye kihisi cha kamera kwa ukubwa wake halisi, hata ukibana tundu la lenzi hadi f/8, kina kinachoonekana wazi ni kama milimita 1 tu. Kwingine kote ni ukungu. Ukungu ule ndio unaoliambia jicho kwamba kitu ni kidogo. Mimi, kwa kuziunganisha zile picha 40, nikaufuta wote! Taa nikailaza ubavuni, kivuli kikarefuka kama cha saa kumi na mbili jioni. Chembe ya mchanga iliyonasa kwenye ufa ikaonekana kama jiwe la kukalia. Kokoto na jabali zina nyufa zile zile, ndiyo maana wanajiolojia huweka nyundo au sarafu kwenye picha zao.

Mteja wa Nairobi aliona majabali kama ya pale Lighthouse, ufukweni hapa Mombasa, akalipa. Mzigo ulipofika akanipigia: "Umeniletea kokoto?" Nikarudisha pesa, nikalipa na nauli ya magunia kwenda na kurudi: shilingi 18,000, karo ya mtoto hiyo. Nilipomfuata mwalimu, akasema eti mteja haelewi sanaa. Sanaa gani, na mtu ananunua mawe ya bustani? Mpaka leo inaniuma.

Weka rula. Sarafu ya twiga ya 2018, ile ya shilingi moja, Mkenya ataijua, mnunuzi wa nje hataijua. Rula iweke ubavuni mwa jiwe, umbali ule ule kutoka kwenye lenzi. Ukiileta mbele inaonekana kubwa, jiwe linaonekana dogo. Ukitaka picha ya pambo, bila rula, ipige baadaye, na zitume zote mbili pamoja.

Lenzi ni yoyote inayofika 1:1. Na zile picha ulizosema unamtumia mteja kesho, usizitume. Zipige upya.