Shule zinafunguliwa: programu za simu, vizibo vya soda na mguso wa kwanza

Kila likizo ikielekea ukingoni, magrupu ya WhatsApp ya wazazi hapa Dodoma yanajaa majina ya programu za watoto. Shusha hii, jaribu ile, wangu haitoki mkononi. Mimi nina wawili, mmoja darasa la tatu na mwingine la kwanza, wote shule ya serikali huku Nkuhungu, na nimeshashusha na kufuta nyingi. Siku hizi natafuta kitu kimoja tu kwenye simu: inionyeshe mtoto amesahau nini. Yaliyobaki tunayamaliza mezani kwa penseli.

Likizo hii ya Juni, programu ilimpa binti yangu 43 kutoa 17. Chini kulikuwa na majibu matatu: 60, 34 na 26. Akagusa 34, kitufe kikatikisika. Akagusa 26, nyota zikaruka na muziki ukapigwa, akaendelea na swali jingine huku programu ikimhesabia ushindi. Nikamwomba aifanye hesabu ileile kwenye daftari. Akaipanga vizuri kabisa, mistari imenyooka, kisha akaandika 34. Kwenye mamoja alikuwa anatoa 3 kwenye 7, kwa sababu 7 ndiyo kubwa.

Kwa hiyo habari yote iko kwenye mguso wa kwanza, na huwezi kuuona kama uko jikoni. Tukaleta vizibo vya soda, kumi kumi kwenye vifuko vinne, na vitatu nje. Nikamwambia anipe kumi na saba. Alinipa kifuko kimoja haraka, halafu akakwama: anatakiwa saba, mbele yake viko vitatu. Alikaa kimya kidogo, kisha akafungua kifuko kingine mwenyewe bila kuambiwa. Baada ya hapo hata neno "kukopa" ambalo mwalimu analitumia lilimwingia.

Kuhusu kuchagua programu, anza na lugha. Mtoto anayefundishwa kwa Kiswahili hana sababu ya kurudishwa shule na programu inayomtaka ajue kwanza maana ya "subtract". Kwa kusoma, kuandika na kuhesabu, tazama onecourse ya shirika la onebillion na Kitkit School. Hizi mbili ndizo zilizogawana ushindi wa Global Learning XPRIZE, shindano la kimataifa la programu za kujifunzia, mwaka 2019, na majaribio yalifanyika hapa hapa nchini, kwenye vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga. Kabla ya majaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto wale hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 na vishikwambi, idadi ya wasioweza ikapungua kwa nusu. Ni kazi kubwa, sitaibeza. Ila nusu nyingine bado ilibaki, na ndiyo maana mzazi mwenye uwezo wa kukaa pembeni asimwachie simu kazi yote.

Wa English medium wana Khan Academy Kids, ya bure na haina matangazo, kwa watoto wa miaka 2 hadi 8. Programu za Marekani kwa ujumla zina dola na senti kwenye hesabu za fedha. Hayo yaruke, mpe mia tano akanunue karanga na arudi na chenji. Kwa mwanangu mdogo wa darasa la kwanza, Akili and Me inatosha kabisa, na hiyo ni katuni tu, wala si programu ya kugusa. Vitabu vya kiada navyo vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Navitumia kuliko programu zote, maana ndivyo atakavyovikuta darasani.

Mambo ya bando: shusha kila kitu mara moja, palipo na Wi-Fi, halafu zima data kabla hujampa mtoto simu. Ukizima data unaua na matangazo ya kubeti yanayorukia katikati ya herufi. Simu nyingi za Android zina kipengele cha kubandika programu kwenye mipangilio ya usalama. Ukikiwasha pamoja na kuomba namba ya siri, kisha ukaibandika programu, mtoto hawezi kutoka kwenda YouTube bila namba yako ya siri. Mwanangu alihangaika nacho jioni nzima, akasalimu amri.

Saa ya kumpa simu nayo ina maana yake. Juni na Julai Dodoma ni baridi na upepo, na watoto wa likizo hulala mpaka saa tatu. Wiki mbili kabla ya kufungua mimi nawaamsha saa kumi na mbili na nusu, wanaoga, wanakunywa uji, kisha dakika ishirini za simu na ishirini za daftari. Anayechelewa kuamka anaenda moja kwa moja kwenye daftari. Usiku hakuna simu, hata iwe ya masomo, kwa sababu mtoto aliyerushiwa nyota saa tatu usiku halali.

Kama wako walikuwa kwa bibi Kondoa au Mpwapwa mwezi mzima, wasifikie kwenye simu. Waulize mbuzi walikuwa wangapi, wakazaa wangapi, wakauzwa wangapi, na waandike. Hapo utajua pa kuanzia.

Makosa niliyoyaona nayaandika kwenye karatasi moja: binti hajui kukopa, mdogo anachanganya "b" na "d". Siku ya kufungua nampa mwalimu wa darasa. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya themanini hawezi kuketi na wangu nusu saa kugundua hayo, lakini karatasi ya mistari miwili anaisoma palepale mlangoni. Muhula uliopita alimhamishia binti dawati la mbele siku hiyo hiyo.