Maji machungu ya mabwawa ya chumvi kwa matofali ya saruji

Ndugu yangu wa Gongoni, umeuliza kama maji machungu yanayobaki kwenye mabwawa ya chumvi yafaa kukorogea saruji ya matofali, maana ya mfereji ni ghali. Hayo usiyaguse. Yamejaa magnesiamu na salfeti, ambazo huila saruji polepole, na kloraidi, ambayo huozesha nondo. Ukuta ulioota unga mweupe, sisi wa Malindi twaujua.

Maji yaliyooshea mashine za zege ni jambo jingine. Hayo hutumiwa tena hata viwandani, yakishatuama na tope likashuka. Ila vaa glavu, yanababua ngozi. Peleka chupa moja maabara: kiwango cha Ulaya, EN 1008, chataka kloraidi isizidi miligramu 1,000 kwa lita penye nondo, 4,500 pasipo nondo. Kisha mwambie fundi afyatue vipande vya majaribio, vingine kwa maji safi, vingine kwa hayo, vivunjwe siku ya 7. Nguvu ikishuka chini ya asilimia 90 ya vile vya maji safi, yamwage.

Yenye sukari usijaribu hata kwa kibaraza. Kidogo tu huchelewesha saruji kushika.